Nipige grauti mwenyewe, au nimngoje shemeji?

Assalaam aleikum, khalati.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Majengo hapa Mombasa, katika nyumba ya ukoo wa mume wangu. Mavyaa anakaa chini, sisi tuko juu. Mume wangu anafanya kazi Doha na huja likizo mara moja kwa mwaka. Mimi nauza mahamri asubuhi na kaimati jioni, na pesa hizo ni zangu; mume wangu mwenyewe alisema zisiguswe kwa mambo ya nyumba.

Mwaka jana alituma pesa bafu letu lipigwe vigae. Kazi alipewa mdogo wake, kwa kuwa ni fundi na ni damu yake. Vigae alivipanga vizuri, simsingizii. Vimenyooka na havipishani. Shida ilianza siku ya kutia grauti, ule uji wa saruji unaojaza nafasi kati ya vigae. Alikoroga saruji nyeupe kwa maji ya kisima, akaisukumia kwenye nafasi kwa kipande cha ndara kuukuu, kisha akafuta kwa kitambaa kinachochuruzika maji. Alikuwa mbioni, ana kazi nyingine Nyali inamngoja. Usiku ule ule watoto wakaoga.

Sasa nikifagia, ufagio unatoka na unga mweupe. Karibu na tundu la maji mistari imelika hadi ncha ya ukucha inazama, na penye unyevu pameota weusi ambao nasugua mpaka mkono unauma na hautoki. Linalonikosesha usingizi zaidi ni dari ya mavyaa. Pana alama ya maji yenye upana wa sinia, rangi imevimba na kubambuka. Kila asubuhi nikishuka kumwamkia huniitikia vizuri, kisha macho yake yanapanda darini. Hasemi kitu.

Shemeji nimempigia simu mara nyingi. Jibu lake ni lile lile, "Inshallah Jumamosi, shemeji," na Jumamosi zinapita. Nilimwomba mume wangu nimlete fundi mwingine, akanijibu, "Ukileta mtu wa nje umemvua nguo ndugu yangu mbele ya mtaa." Nikamwambia basi nitaifanya mimi, maana nimetazama video nyingi na sioni kinachonishinda. Akacheka. Akasema nitaviharibu vigae vya watu.

Hata hivyo nilikwenda hadiwea kuulizia. Niliona mwiko wa raba, msumeno mdogo wa kukwangulia grauti, sponji nene, na makopo na mifuko ya kila aina. Muuzaji alishikilia nichukue grauti ya epoksi, ile ya gundi badala ya saruji, akaniapia kwamba maji hayapiti kabisa. Kijana wa jirani naye ana grenda, mashine ya kisahani cha kukatia, anasema atafukua mistari yote kwa saa moja nimpe ya soda tu. Niliporudi na kumsimulia mavyaa, alinijibu neno moja: "Mchagua jembe si mkulima."

Mwezi ujao ni harusi ya wifi yangu na wageni watalala kwetu. Nikiifanya kazi ikaharibika, nitasemwa mpaka wajukuu. Nikiifanya ikapendeza, shemeji atanuna, na mume wangu atajua nilimpita. Nikikaa kimya, dari ya mavyaa itaendelea kuoza. Nifanyeje, khalati?

Mama Mahamri, Majengo

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma na nimekuona ulivyobanwa. Bafu ni lako, unalifagia wewe, aibu ya dari unaibeba wewe kila asubuhi, lakini ruhusa ya kuligusa iko Doha na kazi yenyewe iko mikononi mwa shemeji asiyefika. Anayeishi na jambo kila siku bila kauli juu yake huchoka haraka, na uchovu wako nausikia katika kila mstari. Kutaka kushika mwiko mwenyewe si ukaidi. Ni haja ya haki, na nitaijibu kama ilivyo: nitakueleza vifaa na kazi, kisha tuzungumze watu.

Lakini kwanza niruhusu nikuulize swali. Una hakika maji yanayoshuka kwa mavyaa yanapita kwenye grauti?

Nauliza kwa sababu grauti ya saruji, hata ikipigwa na fundi hodari, si kizuizi cha maji. Hunyonya kidogo. Kazi yake ni kujaza nafasi, kushikilia kingo za vigae na kuzuia uchafu. Kinachozuia maji yasishuke ghorofa ya chini ni tabaka linalopakwa chini ya vigae kabla havijabandikwa, na kama halikupakwa, grauti mpya itapunguza maji tu, haitayakata. Tena alama ya upana wa sinia, mahali pamoja, yaweza kutoka kwenye bomba, au kwenye kiungo cha tundu la maji ambacho hakikuzibwa vizuri. Kabla hujanunua hata sponji, fanya uchunguzi usiogharimu kitu.

Usiku, watu wakishalala, funga bomba zote na utazame mita. Kama mnatumia tangi la juu, tia alama ya chaki usawa wa maji, uangalie tena alfajiri. Mita ikisogea, au maji ya tangi yakipungua, ilhali hakuna aliyefungua, bomba linavuja. Likiwa zima, mwombe mavyaa muogee bafuni kwake kwa siku kadhaa, sakafu yenu ikauke kabisa, na chini alama ichorwe kwa penseli pembezoni mwake. Kisha mimina maji moja kwa moja tunduni kwa faneli yenye mpira, sakafu isilowe. Alama ikitanuka, ubovu uko kwenye tundu. Isipotanuka, sasa lowesha sakafu penyewe na usubiri. Hapo utajua unapigana na nani. Na zoezi hili lina faida nyingine: mavyaa ataingia katika jambo kama mwenzako. Leo anatazama dari kwa sababu hajapewa nafasi nyingine.

Gonga pia vigae, kimoja kimoja, kwa mpini wa kisu. Chenye sauti nzito kimeshika. Chenye sauti tupu hakikupata gundi ya kutosha, na grauti iliyo kando yake itapasuka tena hata ukiipiga kwa dhahabu, kwa kuwa kigae kinachezacheza ukikikanyaga. Vikiwa vitupu vingi, au maji yakiwa yanatoka kwenye tundu, hiyo si kazi ya mwiko wa raba. Itabidi fundi aje, awe shemeji au mwingine.

Ikiwa ubovu ni wa mistari tu, basi ninavyoona mimi, mkono unaoumua na kukanda mahamri kila alfajiri unaweza kupiga grauti. Mavyaa kasema mchagua jembe si mkulima, na kwa kilimo namkubali. Katika kazi hii chombo kina uzito wake. Yaliyokuharibikia karibu yote yametokana na chombo, maji na haraka.

Saruji nyeupe mafundi wengi wa kwetu huitumia kwa sababu ni rahisi. Lakini saruji tupu hunywea ikikauka, ikaacha nyufa ndogo, na haina vile viungo vya kushikisha ambavyo grauti ya dukani imetiwa. Hii yako ikakorogwa kwa maji ya kisima, nawe wajua visima vya kisiwani vilivyo na chumvi. Chumvi hubaki ndani, na kila mstari ukilowa na kukauka huchomoza juu kama ukungu mweupe. Halafu kitambaa kinachochuruzika kikaosha saruji kabla haijashika. Na kuoga usiku ule ule kukaimaliza. Kwa hiyo unga unaouona kwenye ufagio una sababu zake, na zote unaweza kuziepuka. Nunua mtungi wa maji matamu kwa ajili ya kukorogea. Usibane hapo.

Sasa kufukua. Hapa ndipo ninapokuhofia zaidi, kwa sababu ya ile grenda ya bei ya soda. Grenda huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na nafasi yako ni ya milimita chache. Mkono ukitikisika kidogo, ukingo wa kigae umemeguka, na kigae kilichomeguka hakirudi. Mafundi wazoefu huitumia, ndiyo, lakini kijana huyo amewahi kufukua bafu la nani? Tena vumbi lake ni la saruji na silika, halifai mapafu yako wala ya watoto. Msumeno mdogo wa mkono, ule wenye meno ya chenga ngumu, ni wa polepole na utauchosha mkono, ila hukusikiliza. Vuta kwa kufuata katikati ya mstari, usikandamize pembeni. Shuka walau theluthi mbili za kina cha kigae, kwa sababu grauti mpya ikipakwa juu ya unga wa zamani itabanduka kama ganda. Nyunyiza maji kidogo kutuliza vumbi, vaa barakoa nzuri na miwani. Ipo pia mashine ndogo ya umeme ambayo ulimi wake hutetema badala ya kuzunguka. Ni salama kuliko grenda, na pengine utapata ya kuazima. Kuinunua kwa bafu moja sikushauri.

Ule weusi usafishe kabla ya kufukua. Ukitumia dawa ya klorini, usiichanganye kamwe na siki wala asidi ya kuoshea choo. Gesi inayotoka humo inaweza kukuua bafuni.

Kununua grauti, pima kwanza upana wa nafasi kwa rula. Chini ya milimita 3, chukua isiyo na mchanga. Kuanzia 3 kwenda juu, yenye mchanga, kwa sababu hainywei sana. Kwa vigae vya sentimita 30 kwa 30 vyenye unene wa milimita 8 na nafasi ya milimita 3, hutumia robo kilo hivi kwa mita mraba, kwa hiyo usikubali kuuziwa mfuko mkubwa. Mifuko ikiwa zaidi ya mmoja, iwe ya toleo moja, rangi isije ikatofautiana.

Epoksi ya yule muuzaji ni kitu kizuri kweli. Hainywi maji na haishiki madoa. Lakini ni ya sehemu mbili, ukishachanganya inagandia mkononi mwako, na kwa joto la Mombasa hukupa muda mfupi zaidi. Utando wake ukibaki juu ya kigae ukakauka, kuutoa ni vita. Pia ngozi nyingine huikataa. Kwa mtu anayeanza, ni mtihani mgumu wa kwanza. Na kiapo chake kwamba maji hayapiti kinahusu mstari wenyewe, hakihusu tundu, bomba wala kona.

Ukikoroga, tia maji kwanza ndooni, kisha unga kidogo kidogo, hadi ifikie uzito wa kaimati yako kabla ya kuchotwa: inashikana, haimwagiki. Iache dakika 5 hadi 10, ikoroge tena, basi. Ikianza kukaza usiiongeze maji; itupe, koroga nyingine. Koroga chache, ya kumaliza katika dakika 20. Fanya kazi asubuhi mapema kabla jua halijapamba moto, na loweshea nafasi kwa sponji kidogo ili vigae vikavu visinyonye maji ya grauti.

Mwiko wa raba ndio kifaa ambacho nisingekubali ukikose. Ndara inapinda, ikipinda inachota grauti katikati ya mstari badala ya kuishindilia. Mwiko ushike umelala kidogo, kama nyuzi 45, upake kwa mshazari kukatisha mistari, ukiisukuma grauti ishuke hadi chini. Kisha usimamishe karibu wima, urudi tena kwa mshazari ukiikwangua iliyozidi. Ukipitisha sambamba na mstari, ukingo wa raba utazama ndani na kuufukua. Anza kona ya mbali, urudi nyuma kuelekea mlangoni. Vaa glavu, maana saruji mbichi huunguza ngozi taratibu bila wewe kuhisi, na wewe mikono ndiyo riziki yako.

Subiri, kama dakika 15 hivi, au mpaka ukigusa kwa kidole isinate. Ndipo sponji. Iwe nene, pembe zake za mviringo, na ndoo ziwe mbili, ya kusuuzia na ya maji safi. Ikamue mpaka isidondoshe hata tone, ipitishe mara moja kwa mshazari, igeuze upande, pitisha tena, suuza. Ni sponji yenye maji mengi inayoharibu kazi nyingi kuliko kitu kingine chochote. Ukungu utakaobaki juu ya vigae ufute baadaye kwa kitambaa kikavu. Pale sakafu inapokutana na ukuta, na kuzunguka tundu, usitie grauti kabisa. Tia silikoni ya bafuni, ile gundi ya kuzibia inayobaki laini kama mpira, kwa sababu sehemu hizo husogea na grauti hupasuka. Watu wasikanyage kwa saa 24, na maji ya kuoga yangoje siku 3, au kama mfuko ulivyoandikwa.

Basi tuje kwa watu.

Shemeji yako umemwona kama mvivu, na huenda ndivyo. Lakini je, unajua alilipwa nini? Fundi wa familia mara nyingi hupewa pesa za vigae na saruji, ufundi wake ukahesabiwa kuwa wema wa ndugu. Pengine grauti haikuwemo kabisa katika hesabu iliyotoka Doha, ndiyo maana ikaja saruji nyeupe na kipande cha ndara, na ndiyo maana kazi ya Nyali, inayolipa, ilimvuta. Sisemi nina hakika. Nasema inafaa kumuuliza mumeo, kwa upole, kabla ya ugomvi wowote. Kama shemeji anadai, kila simu yako ya kumwita anaisikia kama mzaha.

Kumngoja bila masharti kuna ubaya wake, unauona darini. Kumleta fundi wa nje kutamaliza kazi haraka, ila mumeo ameshasema neno lake wazi, na ukilivuka utakuwa na bafu zima na simu za Doha zilizopoa. Kufanya mwenyewe kimyakimya kunavutia, naelewa. Hatari yake si grauti kuharibika, maana ikiharibika hufukuliwa ikatiwa nyingine. Hatari ni kwamba kazi itaonekana kama kesi uliyomfungulia shemeji, hata kama hukukusudia.

Katikati ya hayo kuna njia nyingine unayoweza kuipima. Mpigie shemeji, na mara hii usimwite kufanya kazi. Mwambie, "Shemeji, nataka kufukua mistari mwenyewe taratibu, nataka uje unitazamie kama nimefikia kina, na unionyeshe mwiko unashikwaje." Fundi anayeulizwa ufundi wake mara nyingi huja kuliko fundi anayedaiwa. Akija, sura yake imesitirika, na wewe umeshika mwiko. Yaweza pia akaudhika, akasema unamdhihaki, au akasema tena "Jumamosi". Wewe ndiye unayemjua, utapima. Mumeo naye alicheka, lakini sioni popote katika barua yako aliposema usifanye. Aliyosema ni usimwaibishe ndugu yake. Hayo ni mambo mawili, na yafaa umuulize lipi hasa analolikataa.

Na pesa za vifaa? Ukizitoa kwenye mahamri, ni hiari yako, lakini mwambie mumeo kabla. Si kumwomba ruhusa. Ni ili baadaye asidhani ulijenga nyumba kwa siri, na ili wewe usije ukazihesabu kimoyomoyo kila mkikosana.

Kuhusu harusi, hesabu kwa kurudi nyuma. Uchunguzi wa maji utakula wiki. Kufukua kwa mkono, ukifanya baada ya kuuza mahamri, siku kadhaa. Kupaka siku moja, kukauka siku 3. Yanatosha ikiwa mtaanza sasa. Mkichelewa, usiguse kitu wiki ya wageni: bafu lililofukuliwa nusu ni baya kuliko lililopo, kwa sababu maji yatashuka moja kwa moja. Katika hali hiyo wageni waogee chini kwa mavyaa, na ukianza baada ya harusi, anzia nyuma ya mlango, mita moja tu, uitazame wiki nzima ilivyoshika kabla ya kusogea tundu la maji.